Dozi ya Mchimbaji kwa Bibi wa Kilo Arobaini na Moja

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na wenye furaha, na asifiwe na wenye hasira pia, maana mimi nimekuja mbele zake na hasira yangu nzima na hajanifukuza.

Naitwa Robi Marwa, mjane wa Mwita, wa Kewanja. Nilizaliwa Nyanungu. Shule yangu ni kisomo cha watu wazima, tulikaa kwenye mabenchi ya kanisa tukiandika a, e, i mpaka giza likatufukuza. Ndiyo maana maandishi yangu yanapanda na kushuka kama njia ya mbuzi. Lakini majina ya watu sisahau.

Nawataja kwanza waliokuwepo siku ile nilipotundikwa kwenye mizani ya mahindi, ili mtu asije akasema bibi huyu anatunga. Nilikuwepo mimi. Alikuwepo Gati, mke wangu. Msishtuke, nitaeleza. Alikuwepo Mwita mdogo, mtoto wa Gati, yuko mgongoni mwa mama yake na mkono umefungwa kitambaa. Alikuwepo Mama Weisiko, mzee wa kanisa letu, ambaye aliniombea na pia alinikosea. Alikuwepo Wambura mwenye duka la mahindi, mizani ilikuwa yake. Alikuwepo Nesi Tumpe, Mnyakyusa, aliyekuja na gari la kliniki ya watoto. Huyo hakuwa ndugu wa mtu yeyote pale, na ndiye peke yake aliyenitazama. Na walikuwepo wachimbaji waliokaa kivulini wanakula mihogo. Mmoja wao aliitwa Masanja, wa kutoka Usukumani. Namkumbuka kwa sababu ndiye aliyecheka kuliko wote.

Sasa habari ya mke wangu. Sisi Wakurya, mwanamke aliyefiwa na mume bila kupata mtoto wa kiume anaweza kutoa ng'ombe akaoa msichana, na watoto watakaozaliwa wakawa wa nyumba ya marehemu. Tunaita nyumba ntobhu. Mimi Mungu alinipa mabinti wanne. Bhoke na Wankuru waliolewa ng'ambo ya Sirari, upande wa Kenya. Nyangi aliolewa Kemambo. Mugosi alitangulia mbele za haki. Mume wangu Mwita akafa, nyumba ikabaki haina jina. Nikatoa ng'ombe zangu kwa baba yake Gati, nikamleta Gati, akanizalia mjukuu, nikampa jina la mume wangu. Kanisani nilisemwa kwa hilo. Lakini mji wangu ulikuwa na moto jikoni na mtoto analia ndani, na mimi nilikuwa mwenye mji.

Halafu ikaja dhahabu.

Ndugu zangu, wale wa miaka ile mnakumbuka. Watu walikuja Kewanja kama siafu. Wasukuma, Waha, Wachaga, Wajaluo, hata watu ambao lugha zao hatukuwahi kuzisikia. Walichimba maduara, yale mashimo yao yanayoshuka kwenda chini halafu yanakata kona kufuata mwamba. Mtu alikuwa anaanza kuchimba kwake na anatokea chini ya shamba la jirani. Baruti zilipiga mchana mpaka vyungu vinatikisika. Shemeji yangu Nyamhanga, mdogo wake Mwita, akaanza kuzunguka kiwanja changu anakipima kwa hatua. Anasema, "Shemeji, mwamba unapita hapa kwako, tuwape vijana wachimbe." Nikamwambia, "Hapa amelala kaka yako. Chimba kwako." Akaenda, lakini macho yake yalibaki.

Ndipo nikaanza kusikia nyundo.

Nilizisikia chini ya kitanda. Ko, ko, ko. Nikadhani ni wachimbaji kweli wamefika chini ya nyumba yangu, na nani angenibishia? Ilikuwa inatokea! Nikamwita Gati aweke sikio chini. Hakusikia kitu. Nikamwita Nyangi kutoka Kemambo. Hakusikia. Mimi nasikia nyundo, halafu nasikia na watu, wanaitana kwa majina, wanasema wamekaribia kaburi la Mwita. Usingizi ukanikimbia. Nikachukua jembe nikaanza kuchimba sakafu ya nyumba yangu mwenyewe niwafikie kabla hawajamfikia. Gati alinikuta nimezama mpaka magotini, na mtoto amekaa kwenye ukingo wa shimo anachezea udongo.

Ulikuwa ugonjwa. Leo nasema bila aibu: ugonjwa wa akili. Kichwa kinaumwa kama tumbo linavyoumwa. Kama una bibi anasikia nyundo, usimcheke, mpeleke.

Gati alitaka kunipeleka. Nilikataa kutoka, ningemwachaje Mwita na wale wanaochimba? Kwa hiyo akamfunga mtoto mgongoni akaenda peke yake kwenye zahanati moja ya pale machimboni. Jina lake silitaji. Ilikuwa inatibu wachimbaji tu. Vijana waliochanganyikiwa kwa bangi na gongo na kukosa hewa huko chini walikuwa wanapelekwa pale kila wiki, wamefungwa kamba, na mganga wa pale alikuwa na dozi yake moja ya kuwatuliza. Huyo mganga jina lake ninalo. Alishatubu, kwa hiyo siliandiki.

Akamwuliza Gati bila kuinua uso: "Mgonjwa ni nani wako?"

Gati akajibu ukweli kama ulivyo kwetu: "Ndiye aliyenitolea ng'ombe."

"Jina?"

"Robi Marwa."

"Umri?"

Gati akasema, "Sijui. Mkubwa kwangu."

Mganga yule alikuwa mtu wa kuja, hajui mila zetu wala majina yetu. Akamtazama Gati, msichana wa miaka kama ishirini, ana mtoto mgongoni. Akapiga hesabu yake kichwani: mume wa huyu atakuwa mchimbaji wa miaka thelathini na tano. Akaandika kwenye cheti: ME, miaka 35. Akahesabu vidonge vyeupe, vitatu asubuhi, vitatu jioni. Hakuuliza anatembeaje, anakulaje, ana mwili gani. Hakusema mleteni nimwone! Mbuzi wangu akiumwa, daktari wa mifugo anakuja anamshika tumbo. Mimi nilitibiwa kwa kukisiwa!

Na Gati hakujua kusoma. Alileta cheti nyumbani akakiweka ndani ya Biblia yangu, tukakiheshimu.

Nitasema haki. Siku za kwanza nyundo zilipungua. Siku ya tano zikanyamaza kabisa. Nililala. Gati alilia kwa furaha, tukafukia shimo, Mama Weisiko akaja tukaimba. Dawa ile ilikuwa dawa kweli. Lakini kilichotuliza nyundo kiliendelea kunipiga mimi.

Shingo ikaanza kukaza. Mikono ikatetemeka, uji unamwagika kabla haujafika mdomoni. Mate yananitoka kama ndama anayeota meno. Nikitaka kusimama, nawaza simama, lakini miguu haisikii. Uso wangu ukawa mbao. Bhoke alikuja kutoka ng'ambo, akaniamkia, "Shikamoo mama," na mimi ndani nasema marahaba mwanangu, marahaba, lakini mdomo haufunguki. Akatoka nje analia kwamba mama yake amekufa akiwa amekaa.

Gati alirudi zahanati. Akamweleza mganga: amekaza, anatetemeka, haongei. Unajua alijibiwa nini? "Hiyo ndiyo dawa inafanya kazi. Wachimbaji wote hapa wanakunywa hivyo hivyo na wanarudi shimoni. Ongeza kimoja asubuhi."

Aongeze! Ndugu zangu, aongeze!

Kanisani nako wakasema ni pepo bubu. Waliniweka katikati, wakanizunguka, wakanishika kichwa, wakakitikisa. "Sema Yesu! Sema Yesu!" Nilikuwa nasema Yesu. Nilikuwa nalisema jina hilo tangu asubuhi, moyoni, kwa sababu moyo peke yake ndio ulikuwa haujakaza. Mtu mmoja akanipiga kofi mgongoni ili pepo atoke. Machozi yakanitoka, wakapiga vigelegele wakisema analainika. Hasira niliyokuwa nayo siku ile, kama ingekuwa baruti, Kewanja ingebaki bonde.

Na Nyamhanga akaja nyumbani, akasimama mlangoni, akamwambia Gati mbele yangu kama vile mimi ni mtungi: "Mwenye mji amekufa, bado kuzikwa tu. Na nyumba isiyo na mwenyewe, mrithi bado mchanga, inarudi kwa ndugu. Mwezi ujao naleta vijana wachimbe hapa. Wewe kama unataka kubaki, utabaki kwangu."

Gati akamjibu, "Shemeji, yeye anakusikia."

"Anasikia? Basi anikataze."

Sikuweza kumkataza. Nilimtazama tu. Mate yakanitoka. Akacheka akaondoka, na nilijua nina mwezi mmoja wa kuwa mtu. Nisipopata mdomo wangu, kaburi la Mwita litachimbwa kweli, na nyundo zile za ugonjwa zitakuwa nyundo za kweli.

Halafu siku ya moto.

Gati alienda kisimani. Aliniweka kwenye kigoda karibu na jiko, Mwita mdogo yuko chini, ameanza kutambaa. Chungu cha ubukima, ugali wetu, kilikuwa kimeepuliwa, makaa yamebaki. Mtoto akaona makaa yanang'aa. Akaanza kwenda. Nilimwona. Alikuwa umbali wa mkono wangu, ndugu zangu, mkono mmoja! Nikaamuru mkono uende. Haukwenda. Nikaamuru mdomo useme acha. Ukatoa mate. Yule mtoto aligeuka akanitazama kwanza, kama watoto wanavyomtazama mkubwa kuona kama atakatazwa. Hakukatazwa. Akaona bibi yuko kimya, basi ni ruhusa. Akashika kaa.

Alishika kaa moto huku ananitazama mimi.

Kilio kile kilimrudisha Gati mbio, maji yamemwagika njia nzima. Jirani wakaja. Mama Weisiko akaja, akaona mkono wa mtoto, akaniona mimi nimekaa pale pale sijasogea, akasema, "Hii dawa ni ya shetani," akachukua vidonge vyote akavitupa chooni. Alifanya kwa kunipenda. Lakini alikosea, na nilishamwambia usoni. Maana baada ya siku chache mikono ililegea kidogo, na papo hapo nyundo zikarudi. Ko, ko, ko. Zikarudi na hasira kuliko mwanzo, na mimi nikarudi kwenye jembe kwa mikono iliyokaza nusu, mdomo bado haufunguki. Basi nikinywa ni gogo, nisipokunywa ni wazimu. Nilimwambia Mungu: kama huna njia ya tatu, nichukue. Sikusema kwa upole.

Njia ya tatu ilikuja na gari la kliniki ya watoto.

Gari lile lilikuwa linakuja kila wiki kupima watoto uzito, wanawatundika kwenye mizani ya kamba chini ya mti na kuwaandika kwenye kadi. Gati akampeleka Mwita kwa sababu ya mkono. Mimi nikaburutwa pia, maana hapakuwa na wa kuniacha naye. Mama Weisiko alinishika upande mmoja. Nesi Tumpe akafungua kitambaa, akaona kidonda.

"Dada, huyu mtoto alikuwa na nani?"

"Na mama."

"Mama yupi? Alikuwa anafanya nini?"

Gati akamweleza yote, kuanzia nyundo, vidonge, gogo, kaa, choo, na nyundo tena. Kumbe Nesi Tumpe alikuwa amesomea wagonjwa wa akili huko kwao kabla ya kuletwa kupima watoto. Akasema, "Nipe cheti chake." Gati akakitoa ndani ya Biblia. Nesi akasoma. Akasoma tena.

"Huyu Robi Marwa yuko wapi?"

"Si huyo amekaa hapo chini."

Nesi akanitazama. Akatazama cheti. "Hapa pameandikwa mwanaume wa miaka thelathini na tano."

Halafu Gati akaanza kulia kwa kuelewa. "Mimi sikusema ni mwanaume! Nilisema ndiye aliyenitolea ng'ombe!"

"Na yeye hakuomba kumwona?"

"Hakuomba."

Nesi Tumpe hakumlaumu Gati. Nampendea hilo. Alichuchumaa mbele yangu, akanishika mkono, akaukunja pole pole kwenye kiwiko, ukawa unakwenda kwa kukwama kwama. Akasema, "Shikamoo bibi. Najua unanisikia. Bonyeza kidole changu." Nikabonyeza. Hakuna mtu aliyekuwa ameniamkia akasubiri jibu kwa muda wa miezi.

Akauliza umri wangu. Nani anajua? Mama Weisiko akasema, "Yeye alikuwa anachunga ndama mwaka wa nzige wengi, mimi nilikuwa bado nanyonya." Wakahesabu watoto waliozaliwa, wakahesabu misiba, Nesi akaandika: amepita sabini. Akauliza uzito. Mizani yake ilikuwa ya watoto wachanga, ingekatika. Gari lao lilikuwa na redio ya kuongea na daktari wa hospitali ya wilaya, na daktari angetaka kujua kilo. Nesi akasimama akatazama huku na huku, akaona duka la Wambura, na ile mizani ya ndoano anayopimia magunia imening'inia kwenye boriti.

"Mzee, naomba mizani yako."

Wambura akasema, "Nimpime bibi kama mahindi?"

"Mpime kama mtu. Mahindi unayapima, yeye hajapimwa."

Wakatandika gunia, wakanikalisha ndani, wakafunga ncha, wakanitundika. Nikaning'inia pale mbele ya Kewanja nzima. Wachimbaji wakaacha mihogo.

Masanja akapiga kelele kwa kuiga Kikurya chetu, "Mura Wambura! Bibi anauzwa bei gani?"

Mwingine akataja kipimo chao cha dhahabu: "Mwangalieni kwanza kama ana dhahabu! Bibi ana pointi ngapi?"

Wakacheka mpaka wanashikana mabega. Nesi Tumpe akawageukia, mwembamba vile, mkono kiunoni: "Chekeni. Nyie vumbi la dhahabu mnalipima kwa njiti ya kiberiti, ikizidi punje moja mnatoleana visu. Huyu amepewa dawa ya mtu kama wewe hapo mwenye shingo ya fahali, na hakuna aliyempima. Cheka tena nikuone."

Masanja hakucheka tena. Alikuja akashika gunia lisizunguke, mpaka sindano ikatulia. Wambura akasoma: kilo arobaini na moja.

Nesi akaenda kwenye redio ya gari. Tulimsikia anamtajia daktari: mwanamke, amepita sabini, kilo arobaini na moja, na vidonge alivyopewa. Halafu sauti ya daktari ikasema neno ambalo siliandiki kwenye ushuhuda.

Sasa sikilizeni alivyotueleza Nesi Tumpe, maana hili ndilo linalonifanya niandike. Alisema: mwili wa kijana unachoma dawa upesi na kuitoa. Mwili wa mzee unachoma pole pole. Ukimpa ya leo, ya jana bado imo, na ya juzi imo. Inajaa kama maji bondeni. Na mwanamke na mwanaume hawaichomi sawasawa. Mwanamke, tena mdogo wa mwili, mara nyingi kidogo kinamtosha, na akina bibi ndio hukaza na kutetemeka upesi zaidi. Kwa hiyo mzee unaanza chini, unapanda pole pole, na kila ukipanda unamtazama. "Kumtazama," alisema, "ndiyo nusu ya dawa."

Akamwambia Mama Weisiko pia: "Mama, ukitupa tena dawa ya mtu chooni, utaniona. Ikimdhuru, mrudisheni kwa aliyeitoa apunguze. Msiikate wenyewe." Mama Weisiko akainama. Alikuwa hajazoea kukemewa na mtoto.

Daktari akaagiza, gari likaleta vidonge vya hospitali, nikapewa kipande. Kidonge kile kile cheupe, kimevunjwa, kipande kwa jioni tu. Kila gari lilipokuja, Nesi alinishika mkono akaukunja, akaniambia niandike jina langu chini kwa kijiti aone kama mkono unatetemeka. Mara moja aliongeza kidogo, maana nyundo zilikuwa zinagonga kwa mbali. Zikanyamaza. Mkono haukukaza. Akasema, "Hapo hapo, bibi. Hiyo ndiyo yako."

Mwezi wa Nyamhanga ulikuwa unakwisha. Ilikuwa asubuhi, Gati anasonga ugali, Mwita mdogo kapona mkono, yuko chini. Makaa yanang'aa. Mtoto hana akili, akaanza kwenda tena. Akageuka akanitazama.

"We Mwita! Acha hapo! Nitakuchapa!"

Gati akaangusha mwiko. Mtoto akaangua kilio. Mimi mwenyewe niliogopa, nikatazama nyuma kuona ni nani aliyesema. Ilikuwa sauti yangu! Neno langu la kwanza halikuwa haleluya, ndugu zangu. Lilikuwa nitakuchapa. Na mbinguni nadhani walilipokea kama haleluya. Gati akanishika, akasema, "Mama, sema tena." Nikasema tena. Tukalia, mtoto analia, ugali ukaungua, tukaula hivyo hivyo.

Nyamhanga alikuja na vijana wawili wenye sururu. Masanja alikuwa mmoja wao. Nilikuwa nimesimama mlangoni kwa miguu yangu. Nikasema, "Shemeji, ulisema nikukataze. Nakukataza." Akageuka kuwatazama vijana wake. Masanja akaniangalia, akaweka sururu begani. "Shikamoo bibi. Mzee, mimi hapa sichimbi. Huyu bibi namjua kwa kilo." Wakaondoka. Mwita wangu bado amelala pale, na hajaguswa.

Halafu nikaenda zahanati. Gati alinizuia, nikaenda. Nikapanga foleni na vijana. Nilipofika mbele, mganga hakuinua uso. "Jina?"

"Robi Marwa. Mwanaume. Miaka thelathini na tano."

Hapo akainua uso.

"Nitazame," nikamwambia. "Nitazame vizuri. Hili titi limenyonyesha wanne. Hizi mvi unaziona? Ulinipa dozi ya mchimbaji. Mtoto ameungua mkono mbele yangu nikashindwa kumkataza kwa sababu ya kalamu yako."

Akasema, "Shikamoo bibi, nisamehe, yule dada alisema..."

"Dada alisema kweli kwa mila yake. Wewe ndiye hukuuliza. Sitaki shikamoo yako, nataka kalamu."

Nikaweka cheti mezani. Akafuta ile ME mbele ya foleni yote, akaandika KE, akaandika sabini. Baadaye alianza kuita wagonjwa waletwe awaone, na alinunua mizani. Alikuja kanisani kwetu akatubu. Nilimsamehe kwa sababu nimeamriwa. Hasira imebaki, na nimemwuliza Mungu kama niitupe. Nadhani ameniachia ili niandike.

Na ninyi kanisa, hamjaponyoka. Siku niliposimama kushuhudia mlishangilia kwamba pepo bubu ametoka. Niliwaambia na leo nawaandikia: hapakuwa na pepo! Palikuwa na vidonge saba kwa siku ndani ya bibi wa kilo arobaini na moja. Bwana Yesu aliniokoa, naam, na alinitumia Mnyakyusa, mizani ya mahindi, na kipande cha kidonge. Kama mnataka Mungu aje bila mizani, msimsubiri mlangoni kwangu.

Asante Mungu wangu, uliyenisikia nikiwa gogo. Asante Gati, mke wangu, uliyekataa kuniita maiti. Asante Nesi Tumpe, popote ulipo, kama bado unapumua au umelala.

Na wewe unayesoma, una mama anayetetemeka, una baba aliyekaza shingo tangu aanze dawa: mtumaini Bwana, halafu simama umpeleke. Mpeleke mwenyewe, siyo cheti chake. Sema huyu ni mwanamke, sema ni mzee, sema mpime. Wakikwambia wote wanakunywa hivyo hivyo, usitoke pale.

Nimeandika nikiwa mzee sana, na Mwita mdogo ana ndevu na kovu kiganjani. Labda nimekosea kitu. Labda mizani ilisema arobaini na mbili. Labda Masanja hakuwa Msukuma. Labda ni Wankuru aliyekuja akaniamkia siku ile, wala siyo Bhoke. Mliokuwepo, nisahihisheni, nitashukuru, njooni tukae tuseme. Lakini mkija kunisahihisha, nitazameni kwanza.